Kuwaalika watu wenye maumivu sugu kushiriki utafiti Unguja na Pemba: mwongozo kamili

Mtu ambaye mgongo umemuuma kwa miaka minane hungoja nafuu, na akimwona mgeni mwenye makaratasi anabisha hodi pamoja na muuguzi wa kituo cha karibu, ni rahisi kwake kuamini kwamba nafuu hiyo imefika mlangoni. Atasema ndiyo kabla maamkizi hayajakwisha. Kwa hiyo ugumu wa kuwaalika watu wenye maumivu sugu haumo katika uchache wa wanaokubali. Umo katika wepesi wa kukubali kwao, ambao mtafiti asiyekuwa mwangalifu huuona kuwa ni mafanikio yake.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa uzamili, wauguzi na wasaidizi wa utafiti watakaofanya kazi hii katika visiwa vyetu. Nimeshughulika na uandikishaji wa washiriki kwa miaka kadhaa, kwa sehemu kubwa Pemba, na nimezoea kuupima mwaliko kwa swali moja: je, aliyealikwa angeweza kukataa bila ya kupungukiwa na chochote, iwe matibabu, heshima au ujirani?

Hatua ya kwanza: amua unamtafuta nani, na ujue anajielezaje

Kitaalamu, maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, linayaeleza hivyo, na pia linakiri kwamba maumivu sugu yanaweza kuwa ugonjwa kwa nafsi yake, hata pale ambapo eksirei na vipimo vya damu havionyeshi kitu. Jambo hili la pili lina uzito mkubwa kwa anayealika. Wengi utakaokutana nao wameshaambiwa hospitali kwamba picha ni safi, na nyumbani wameshaonekana wavivu, au imesemwa kwamba kuna mtu amewachezea. Sentensi ya mwanzo ya mwaliko wako inapaswa kumwonyesha mtu kwamba unayasadiki maumivu yake, kwa sababu anayehisi kwamba anahojiwa ili ashikwe uongo hatakupa majibu ya kweli, hata akitia saini.

Hakuna mtu Micheweni wala Makunduchi atakayekuambia kwamba ana "maumivu sugu". Atasema kiuno hakimpi raha, miguu inawaka moto usiku, kichwa kinapwita upande mmoja, tumbo linamsokota kila akikaribia siku zake. Maneno haya yaandike kama yalivyotamkwa, kwani yamebeba taarifa. Kuwaka moto, ganzi na kuchomwa kama kwa sindano mara nyingi huelekeza kwenye mishipa ya fahamu, na si ajabu ukagundua kwamba msemaji ana kisukari. Kuna maneno mengine ya kuyatahadhari. Madaktari hulitumia jina la "baridi yabisi" kwa ugonjwa maalumu wa viungo, lakini mitaani kila goti linalouma ni baridi yabisi. Ukiliandika kwenye bango bila ya maelezo, utaijaza baraza watu ambao utafiti wako hauwahusu, na wengine watakuwa wamelipa nauli kutoka mbali. "Chango" nalo hukusanya maumivu mengi ya tumbo na ya uzazi chini ya jina moja. Ukilitumia, fuatisha maswali ya kupambanua.

Kisha kuna suala la subira. Ukimuuliza mzee wa Kiunguja au wa Kipemba hali yake, atakujibu "Alhamdulillah", na hilo ni jibu la imani na adabu. Halikuelezi lolote kuhusu goti lake. Nimewahi kupitia madodoso ambayo msaidizi, kijana hodari kabisa, alikuwa ameandika "hana maumivu" kwa watu waliomjibu hivyo huku wakijishika ukuta ili wainuke. Dawa ya hili ni kuuliza kuhusu kazi za kila siku. Muulize mtu tangu lini anasali kwa kukaa kwenye kiti, kama anaweza kurukuu na kusujudu na kuinuka bila ya msaada, kama anaweza kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili, usiku wa jana aliamka mara ngapi kwa sababu ya maumivu. Majibu ya maswali haya hutoka wazi, kwa kuwa hakuna anayeona kwamba analalamika anapoeleza namna anavyosali.

Kipimo cha namba, kuanzia sufuri ambayo ni kutokuwa na maumivu kabisa hadi 10 ambayo ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyafikiria, kinafaa pia, lakini kiulizwe kwa muda uliotajwa, kwa mfano wiki iliyopita, na kwa asiyekwenda skuli kitumie vidole kumi vya mikono yake mwenyewe.

Hatua ya pili: vibali, na mlango wa sheha

Utafiti wa afya unaohusu binadamu hapa Zanzibar unatakiwa upitiwe na Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar ambayo wengi tunaijua kwa jina la ZAHRI. Kuwa na kibali cha chuo cha nje au cha taasisi ya Bara hakukuondolei wajibu huo. Pamoja na andiko la utafiti, dodoso na fomu ya ridhaa, peleka kila kitu ambacho mwalikwa atakiona au kukisikia: bango, maneno yatakayosomwa redioni, ujumbe wa simu, hata maneno ambayo msaidizi atayatamka mlangoni. Vipeleke kabla ya kuchapisha chochote, na ukibadilisha neno baadaye, virudishe tena. Watafiti wengi huona kwamba bango ni karatasi ndogo isiyostahili kupelekwa mbele ya kamati, ilhali kwa mshiriki hilo bango ndilo ahadi ya mwanzo aliyopewa.

Kibali kikishapatikana hufuata ofisi ya wilaya, daktari dhamana wa wilaya, mkuu wa kituo cha afya, na sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia. Hapa nitaeleza kosa langu mwenyewe. Mwanzoni mwa kazi hii nilimwomba sheha mmoja aniitie watu wenye maumivu ya magoti. Alinifanyia hisani kubwa, na kesho yake asubuhi nilikuta watu zaidi ya arobaini wameshakaa. Nilifurahi mpaka adhuhuri, pale bibi mmoja aliponiuliza kwa sauti ya chini kama akikataa kutia alama yake jina lake litaondolewa kwenye orodha ya kugaiwa vyandarua. Hakuna aliyemtisha. Sheha ndiye anayeandika orodha ya vyandarua, na sheha ndiye aliyemwita. Bibi alijumlisha mwenyewe. Ridhaa zote za siku ile tuliziweka kando tukaanza upya, nyumba kwa nyumba, na tuliowapoteza kwa kukataa walikuwa zaidi ya mmoja.

Tangu hapo utaratibu wangu ni kwamba sheha hupewa taarifa kamili kwa maandishi na kwa mdomo, hututambulisha kwa watu, na kazi yake inaishia hapo. Hachagui washiriki, haonyeshwi orodha ya waliokubali wala waliokataa, na hakai katika chumba cha mazungumzo. Kanuni hiyo hiyo inamhusu daktari au muuguzi anayemtibu mtu. Anaweza kumwambia mgonjwa wake kwamba kuna utafiti, lakini fomu ya ridhaa isimamiwe na mtu mwengine, kwa sababu ni vigumu kumkatalia anayekuandikia dawa.

Hatua ya tatu: andika karatasi ya maelezo ambayo mtu anaweza kuisomea familia yake

Iwe kurasa mbili, ikizidi sana tatu. Ieleze nani anafanya utafiti na nani anaulipia, mshiriki atafanya nini na kwa muda gani kila mara, atakuja mara ngapi, taarifa zake zitahifadhiwa wapi na zitafutwa lini, na nambari ya simu ya mtu halisi anayepokea. Ieleze kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila ya kutoa sababu, na kwamba matibabu yake kituoni yatabaki kama yalivyokuwa. Haya yanajulikana na kila kamati huyadai. Ninapotaka tukae zaidi ni kwenye maneno.

Epuka "uchunguzi" unapokusudia utafiti, kwani mtu wa kawaida akisikia uchunguzi anaelewa kwamba atapimwa ili ugonjwa wake ujulikane na atibiwe. Kidonge kisicho na dawa, kinachotumika kulinganishia, usikiite "dawa bandia", kwa sababu neno hilo linamaanisha dawa ya ulaghai ambayo watu wanaonywa wasiinunue. Sema kwamba ni kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo lakini ndani hakina dawa, na ueleze kwa nini kinahitajika: maumivu hupanda na kushuka yenyewe, na bila ya kulinganisha haiwezekani kujua kama aliyepata nafuu amepata kwa dawa. Kugawanywa makundi kwa nasibu hueleweka vizuri ukitumia mfano wa upatu, pale majina yanapopigiwa kura ili kujua nani atapokea mwanzo. Si daktari wala mtafiti anayechagua, na hakuna anayeweza kuombewa apewe kundi alitakalo.

Kama utachukua damu, andika kiasi kwa kipimo cha jikoni. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Hadithi za mumiani anayenyonya watu damu bado zinaishi pwani yetu, na dharau ya mtafiti anayezicheka huwapa watu sababu nzuri ya kumshuku. Onyesha chupa yenyewe ikiwa tupu, sema damu itapimwa wapi, itatoka kisiwani au haitatoka, itateketezwa lini, na kwamba haitauzwa wala kupimwa kitu chengine bila ya mwenyewe kuulizwa tena.

Usiandike popote kwamba utafiti "hauna madhara". Pemba ina sababu yake ya kulijua hili. Mwaka 2002 na 2003 ulifanyika kisiwani humo utafiti mkubwa ambapo watoto wadogo zaidi ya 24,000 waligawanywa makundi, baadhi wakipewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Chuma kilionekana ni kitu cha heri tupu. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa ushauri wa kamati huru ya usalama, kwa kuwa watoto wa makundi hayo walikuwa wakilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na yakachangia kubadilisha ushauri wa kimataifa kuhusu kuwapa watoto chuma katika maeneo yenye malaria nyingi. Utafiti ule uliokoa watoto wa nchi nyingine kwa sababu kulikuwa na watu waliowekwa kuangalia madhara na wakasema simamisheni. Mshiriki wako naye ana haki ya kujua ni nani anayeangalia, na ni kitu gani kitamfanya asimamishe.

Katika utafiti wa maumivu, madhara mara nyingi ni madogo lakini ya kweli: kukaa kwenye kiti saa nzima kunaamsha mgongo, kuzungumza juu ya maumivu kunaweza kumrejeshea mtu kilio cha ajali au cha mimba iliyoharibika, na kuacha dawa aliyoizoea kunaweza kumlaza. Watu wetu wengi hununua diklofenaki dukani bila ya cheti na huitumia kwa muda mrefu, ingawa inaweza kuumiza tumbo na figo. Ikiwa utafiti unataka aiache, mwambie hayo mwanzo kabisa na umpe mpango wa kufuata maumivu yakizidi. Ikiwa hautaki aiache, bado unahitaji kujua anaitumia. Muulize pia kuhusu mitishamba, kuumikwa na kuchuliwa kwa sauti ile ile unayoulizia vidonge. Akiona uso umebadilika, atakuficha, na taarifa zako zitakuwa na tundu ambalo hutaliona.

Karatasi ikikamilika, isomwe na watu watano au sita wasiohusika, wa umri na elimu tofauti, kila mmoja akueleze alichoelewa. Kama ilitafsiriwa kutoka Kiingereza, mtu mwengine airudishe Kiingereza bila ya kuona ya mwanzo, ndipo mlinganishe.

Hatua ya nne: panga siku kwa kalenda ya bahari na ya mashamba

Nimeona watafiti wakilalamika kwamba wanawake wa Jambiani au Paje hawaji, kumbe wamewaita wakati wa bamvua. Kilimo cha mwani, kilichoanza Unguja mwaka 1989 na ambacho wengi wa wakulima wake ni wanawake, kinafuata maji. Bahari inapokupwa sana, wakulima wako mbali na ufukwe wameinama kwenye kamba, saa kwa saa, na ndicho kiini cha viuno vingi vinavyouma upande ule. Waite wakati wa maji mafu. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo za kuwapata. Pemba, msimu wa karafuu huwapeleka watu mashamba tangu alfajiri mpaka usiku wa kuchambua, na hata wenye mgongo mbovu hawabaki nyumbani. Ukiandikisha katika msimu utapata maumivu ya msimu. Hilo si kosa ikiwa ndilo unalolitafuta, lakini liandikwe.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji uamuzi wa makusudi. Saa za kumeza dawa hubadilika, usingizi hupungua, na mnywaji wa kahawa au chai nyingi anaweza kuumwa na kichwa siku za mwanzo kwa sababu tu ameikosa. Utafiti wa kipandauso unaoanza kupima wiki hiyo umepotoka kabla haujaondoka. Mimi hutumia Ramadhani kurekebisha makaratasi na kuwatembelea wazee kwa heshima, na siandikishi. Ijumaa nayo iachwe baada ya saa nne asubuhi.

Kwa wakaazi wa Kojani, Fundo, Kisiwa Panza au Tumbatu, wafuate walipo. Kumvusha mtu mwenye maumivu ya nyonga kwa dau wakati wa kusi ili ajaze dodoso ni jambo ambalo singependa litendwe kwa jina la elimu.

Hatua ya tano: toa mwaliko

Bango la kituo cha afya, tangazo la redio, maneno mafupi msikitini baada ya sala kwa ruhusa ya imamu, ujumbe katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba: njia zote hizi zinafaa, na kila moja inaacha watu fulani. Bango linawaacha wasiosoma. Msikiti unawafikia zaidi wanaume. Kituo cha afya kinawaacha waliokata tamaa na vituo vya afya, ambao kwa maumivu sugu ni wengi na pengine ndio unaowahitaji kuliko wote. Tumia angalau njia tatu, na muulize kila anayekuja amesikia wapi.

Maneno yenyewe yawe ya kawaida. Huu ni mfano ambao unaweza kuurekebisha:

"Tunawaalika watu wazima, wanawake na wanaume, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ambao wameumwa na mgongo au kiuno kwa zaidi ya miezi 3, kushiriki utafiti. Tunataka kujua jinsi maumivu haya yanavyoathiri kazi na usingizi. Atakayeshiriki ataulizwa maswali kwa muda wa saa moja, mara mbili, kwa kupishana miezi 6. Hakutakuwa na dawa wala matibabu mapya katika utafiti huu. Nauli ya kuja na kurudi italipwa. Kushiriki ni hiari, na asiyeshiriki ataendelea kupata huduma zake zote kama kawaida."

Sentensi ya kwamba hakuna matibabu mapya wengi hutamani kuifuta, kwa hofu kwamba watu hawatakuja. Iache, na isisogezwe chini kwa herufi ndogo. Nauli itajwe, lakini isiwe kichwa cha habari. Picha ya mtu anayetabasamu akiwa amenyoosha mgongo isitumike, kwa kuwa picha hiyo inaahidi ambacho maneno yanakikana.

Simu zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika nyumba nyingi simu moja hushikwa na mume, mtoto na mama kwa zamu. Muulize mtu mapema kama anataka kupigiwa au kuandikiwa, saa ngapi, na useme nini akipokea mwengine. Ujumbe usitaje maradhi. Kwa maumivu ya hedhi, ya tendo la ndoa au ya nyonga ya mwanamke, anayealika awe mwanamke, na mahali pawe na mlango unaofungika.

Hatua ya sita: mazungumzo ya ridhaa

Anza kwa maamkizi yaliyokamilika. Shikamoo kwa aliyekuzidi, Bi au Mzee kabla ya jina, habari za watu wa nyumbani, na ukikaribishwa kukaa, kaa. Kisha mtazame mwenyeji anavyokaa. Mwenye maumivu aambiwe waziwazi kwamba anaweza kusimama, kulala ubavu au kutembea huku mkizungumza, na kwamba mnaweza kukatisha mkamalizia siku nyingine.

Someni karatasi pamoja, kipande kwa kipande. Baada ya kila kipande simama. Usiulize "umefahamu?", kwani jibu lake ni ndiyo siku zote, kwa adabu. Uliza hivi: "Bi mkubwa, ukirudi ndani na wanao wakakuuliza yule mgeni alikuja kutaka nini, utawaambia nini?" Akijibu kwamba umekuja kumtibu, hata kama amekwisha kukubali mara tatu, hamjafika kwenye ridhaa. Rudia pale palipokosewa. Katika uzoefu wangu sehemu hii ndiyo inayokula muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayokatwa mwanzo wasaidizi wanapolipwa kwa idadi ya fomu. Walipe kwa siku.

Mwachie karatasi na umpe angalau siku moja, na kwa utafiti wa dawa wiki. Wanawake wengi huku watataka kuzungumza na mume, mama au kaka kabla ya kujibu, na hakuna ubaya. Mashauri ni sehemu ya namna tunavyoishi. Lakini jibu lipokelewe kwake mwenyewe, mkiwa wawili. Mume akimsemea ndiyo, shukuru, kisha mtafute mke peke yake na umpe mlango wa kusema hapana kwa namna isiyomgombanisha, kwa mfano kwa kukubaliana kwamba utasema hakutimiza masharti ya utafiti. Na kama amekubali lakini mume hataki, usimsukume.

Asiyejua kusoma atie alama ya kidole gumba mbele ya shahidi anayesoma na asiyekuwa mmoja wa timu yako. Kwa mtoto, tuseme mwenye selimundu anayeumwa na mifupa mara kwa mara, mzazi au mlezi hutoa ridhaa, lakini mtoto anayeweza kuelewa aulizwe naye, na akisema hataki, aachwe. Mtoto wa selimundu ameshachomwa sindano nyingi bila ya kuulizwa.

Hatua ya saba: anayekataa, asiyetimiza masharti, na anayehitaji daktari leo

Anayekataa anashukuriwa, na katika daftari huandikwa kwamba mtu mmoja alikataa, bila ya jina. Akipenda kutoa sababu iandikwe, maana ukiona watu saba wa shehia moja wametaja hofu ya damu, una kazi ya kufanya katika shehia ile.

Asiyetimiza masharti yuko katika hali nyeti zaidi. Amejitokeza, ameeleza maumivu yake, na sasa anaambiwa kwamba hafai. Kamwe asisikie kwamba maumivu yake hayatoshi. Mweleze sharti lenyewe, na ikiwa ana jambo la kutibika mwelekeze kwa jina la kituo na siku ya kliniki.

Msaidizi lazima azijue dalili ambazo hazingoji utafiti. Mwenye maumivu ya mgongo aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, aliyepata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au ambaye miguu inazidi kukosa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Homa, kukonda bila ya sababu, maumivu yasiyotulia usiku kucha kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, na mgongo ulioanza kuuma baada ya kuanguka mkarafuuni ni mambo ya daktari kwanza. Vivyo hivyo anayesema kwamba amechoka kuishi: msaidizi asimwache peke yake, na timu iwe imepanga kabla ya siku ya kwanza nani atapigiwa na usafiri utatoka wapi.

Hatua ya nane: nauli, hesabu na kudumisha mawasiliano

Lipa nauli halisi ya kwenda na kurudi, ya mshiriki na ya anayemshika mkono ikiwa hawezi kutembea peke yake, pamoja na chakula ikiwa atakaa mpaka mchana. Lipa siku hiyo hiyo, na lipa hata kwa aliyekuja akabadilisha mawazo. Kiasi kitoshe ili asipate hasara, lakini kisiwe kikubwa hata amfiche mtafiti kwamba ana vidonda vya tumbo ili tu aandikishwe.

Katika hesabu, usianze na idadi unayoihitaji mwishoni. Ukihitaji watu 120 watakaomaliza, na unatarajia kwamba mmoja kati ya watano atapotea njiani, andikisha 150. Ukiona kwamba nusu ya wanaojitokeza hawatimizi masharti, utahitaji kuzungumza na 300, na hapo hujawahesabu wanaokataa. Weka daftari la waliofikiwa, waliochujwa, waliokubali, waliojitoa na sababu, tangu siku ya kwanza, kwani halikumbukiki baadaye. Watu wenye maumivu hukosa miadi kwa sababu ya maumivu yenyewe, na ukiwafuta wote walioshindwa kuja utabaki na wale wenye nafuu, kisha utaandika kwamba hali ya watu imekuwa bora. Kwa hiyo anayekosa apigiwe mara moja, afuatwe nyumbani ikiwa aliruhusu, na asilaumiwe.

Kabla ya ripoti kutumwa popote, rudi kwenye shehia ulizofanyia kazi. Chagua siku ya maji mafu, omba baraza au darasa la skuli lenye viti vya kuegemea na mikeka kwa wanaotaka kunyoosha miguu, na usome matokeo kwa Kiswahili, yakiwemo yasiyokupendeza, bila ya kutaja nani alikuwamo na nani hakuwamo. Acha nusu ya muda kwa maswali. Waliokataa nao waalikwe, kwa tangazo lile lile.